Behewa la Nyuma

Mwenzangu, uko? Usinipigie, sina sauti. Soma tu.

Nimempoteza baba kwenye treni. Mimi, kondakta wa treni hiyo hiyo.

Leo alikuwa anakwenda kumzika kaka yake, baba mkubwa. Nikamshika mkono, nikamkalisha dirishani, behewa la nyuma, kwa kuwa halikuwa na watu wengi. Nikamwambia, "Tulia hapa baba, usiinuke mpaka nije."

Behewa la nyuma! Na unajua treni yetu hukatwa pale njia panda. Mabehewa ya mbele yanaendelea kwa baba mkubwa, ya nyuma yanavutwa na kichwa kingine kwenda mpakani.

Nilitangaza mwenyewe. "Abiria wa nyuma mnaoendelea na safari hii, hamieni mbele." Nikarudia, kama kila siku. Halafu nikaenda kukagua tiketi.

Tulipokaribia kushuka nikaenda kumchukua. Nikafika mlango wa mwisho. Nyuma yake reli tupu.

Hata kulia sijalia.

Baba mkubwa amezikwa bila yeye. Shangazi akauliza, "Baba yako yuko wapi?" Nikajibu yuko kwenye treni.

Sasa hivi ndiyo nimempata kwenye simu. Nikamuuliza, "Baba, hukunisikia nikitangaza?"

Akasema, "Nilikusikia vizuri sana, mama. Wenzangu wote wakahama. Mimi nikajua hayo ni ya abiria. Mimi nimekalishwa na mwanangu."