Modemu Chini ya Kitambaa

Jumatatu, 3 Machi

Nimefungua duka saa mbili kasoro. Fotokopi imegoma tena, nikachomoa karatasi tatu zilizonasa tumboni. Wateja ni wale wale wa kila siku hapa Mengo: watu wenye wagonjwa hospitalini, wanataka nakala ya hiki na kile. Mgongo unauma.

Hajati Rukia, mwenye duka, kaja na jipya. Anataka mtandao. Ameona wanafunzi wa Wandegeya wanavyopanga foleni kwenye vyumba vya barua pepe, naye anataka wa kwake. "Fundi, wewe si mtu wa simu? Nitafutie hiyo modemu." Nikasema sawa, Hajati. Rohoni nimekasirika mpaka sasa.

Duka lina laini moja. Mtandao unapita kwenye waya ule ule wa simu. Modemu ikiwa kazini, mtu akipiga haingii. Na namba hii ndiyo pekee aliyo nayo Mapendo, mke wangu. Miaka miwili sijasikia sauti yake. Yuko Bukavu na Neema wetu, niliyemwacha ana miaka minne. Mwezi uliopita Kambale, anayeleta bidhaa huku na kule, aliniletea ujumbe wake: wanakuja. Wakifika Goma atapiga simu hapa, nimwelekeze njia, nikawangoje mpakani. Asiponipata, anarudi kwa mama yake. Hawezi kuvuka mpaka na mtoto kumfuata mtu ambaye hajui kama bado yu hai.

Namwelewa. Hata mimi nisingevuka.


Jumanne, 4 Machi

Nimeshinda mjini natafuta modemu. Miguu imekwisha.

Ziko za aina mbili: kadi inayochomekwa ndani ya kompyuta, na kisanduku kinachokaa nje, mezani. Muuzaji alisifu kadi mpaka akatoka jasho. Nikamwacha amalize. Kadi nyingi za siku hizi hazina akili zao, zinaazima za kompyuta. Kompyuta ya Hajati ni bibi kizee, ikichapa barua tu inahema. Ukiipa na mzigo huo italala chini. Kisanduku kina akili yake na umeme wake, halafu kina safu ya taa mbele, unaona kila dakika laini inafanya nini. Miaka kumi na moja nilikaa kwenye mitambo ya simu Bukavu. Sitaki mashine inayonificha mambo.

Nimechukua kisanduku. Kasi iliyoandikwa kwenye boksi hatutaiona, si kwa nyaya hizi. Muuzaji kanuna. Shauri yake.


Alhamisi, 6 Machi

Nimefunga modemu tangu asubuhi. Inapiga, inapiga kelele, inakata. Mara tisa.

Hajati kaniuliza ile kelele ni ya nini. Nikamweleza. Kompyuta inajua namba tu. Waya wa simu ulitengenezwa kwa ajili ya sauti za watu. Modemu inageuza namba kuwa sauti, inazisukuma kwenye waya, na modemu ya upande wa pili inazirudisha kuwa namba. Ile kelele ya mwanzo ni salamu: upo, unanisikia, tuongee kwa kasi gani, hapana, polepole, laini ni mbovu. Wakikubaliana wananyamaza na kazi inaanza. Hajati akasema kwao salamu ndefu hivyo ni za msibani, na kichwa kinamuuma. Nikapunguza sauti ya spika mpaka mwisho. Kimya.

Alipoondoka nimeona ameshaifunika na kitambaa cha kufuma, kile cheupe chenye maua, kama televisheni ya sebuleni. Vumbi, anasema. Nimechoka kubishana.


Ijumaa, 7 Machi

Hajati kaenda msikitini, nikapata nafasi ya kufanya kazi kwa amani.

Ili kujua mbovu ni modemu au laini, nimemwomba Musoke wa Wandegeya, mwenye duka la kuchapa, anipigie kwa modemu yake. Nyuma ya kisanduku kuna swichi ndogo ndogo. Moja ukiipandisha, modemu inajibu simu yenyewe, haingoji mtu. Nikaipandisha. Musoke akapiga, mashine zikasalimiana, zikashikana vizuri. Basi modemu nzima, laini nzima. Kumbe ni namba ya kampuni ya mtandao tuliyopewa ndiyo ya zamani. Nikaulizia mpya, ikakamata mara ya kwanza.

Hajati karudi, kakuta barua pepe inafunguka. Kanipa chapati mbili na maharage. Nimefurahi, siwezi kukataa. Siku nyingi sijafanya kazi ya fundi wa kweli.


Jumamosi, 8 Machi

Wateja saba wa mtandao. Mmoja kaangalia picha moja ikishuka mstari kwa mstari, saa nzima, ni ya mjukuu aliyezaliwa ng'ambo. Wakati wote huo laini imeshikwa. Mimi nimesimama nyuma yake nahesabu dakika moyoni na kumchukia yule mtoto mchanga. Ni aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jioni nimemwambia Hajati habari za Mapendo. Sikuwahi kumwambia. Kakata shauri: mtandao ni saa nne mpaka saa saba tu. Nje ya hapo laini ni ya simu. "Mke hasubirishwi na mashine," kasema. Nimeona haya kwa yote niliyomfikiria wiki hii.


Jumatatu, 10 Machi

Kambale kapita. Ndugu yake wa Goma amemwona Mapendo na mtoto wakishuka kwenye meli, juzi. "Kaka, bibi yako iko Goma. Atapiga tu." Wamefikia wapi hajui.

Wako Goma. Siku nzima sikula. Saa saba juu ya alama nikawaondoa watu wa mtandao, mmoja katikati ya barua. Kanitukana kwa Kiganda, nikamwitikia ndiyo ssebo, ndiyo bwana.

Simu imelia mara mbili mchana. Kila mara mlio mmoja tu, kimya. Watu wanabipu. Kubipu simu ya mezani, isiyoonyesha namba ya mtu. Nimpigie nani sasa?


Jumanne, 11 Machi

Nimekuja saa moja na nusu. Nikiwa nafungua kufuli nimesikia ndani simu inalia. Mlio mmoja. Ikanyamaza.

Mchana tena. Hajati akawahi kunyanyua mkono wa simu, akautupa haraka, kasema umemchoma sikio kwa kelele. Nikamwambia ni mvua, maji yameingia kwenye nyaya. Nilimwambia kwa sauti ya kitaalamu kabisa. Mvua za mwezi huu kweli ni nyingi.

Mabahili wa mji huu wananichosha. Mtu hana salio, basi anakaa anabipu dunia nzima irudishe.


Jumatano, 12 Machi

Mara nne leo. Mlio mmoja, kimya. Mlio mmoja, kimya. Mara ya nne niliruka juu ya kiti cha mteja, sikuwahi.

Mapendo hajapiga. Labda mtoto anaumwa. Labda amebadili nia. Nina hasira naye, nasema kweli. Siku nne yuko Goma, kuna vibanda vya simu kila kona. Kama hataki kuja aseme.


Alhamisi, 13 Machi

Umeme ulikatika saa tatu, ukarudi saa nne. Nimefunua kitambaa cha Hajati kuona kama modemu imeamka. Taa ziliwaka zote, zikazimika moja moja. Moja ikabaki. Ile yenye herufi mbili za A. Maana yake: najibu mwenyewe.

Ile swichi. Tangu Ijumaa iko juu. Sikuishusha.

Sikutaka kuamini. Nimevuka barabara mpaka kwa mama wa kibanda cha simu, nikapiga namba ya dukani kwetu. Ikaita mara moja. Ikapokewa. Ile kelele ikaniingia sikioni, kali, inapanda na kushuka, inauliza nani, nani, kwa kasi gani. Ng'ambo ya barabara nilimwona Hajati akiitazama simu kwa mdomo uliobetuka, kama ninavyoitazama mimi kila siku. Anadhani ni wa kubipu.

Hakuna aliyebipu. Kila mlio ulikuwa mtu. Mashine ilimjibu kabla yangu, ikampigia kelele mpaka akakata, na sisi hapa hatusikii, spika nimeizima kwa mkono wangu.

Nimeshusha swichi. Nimekimbia mpaka kwa Kambale, nikampata anafunga mizigo. Kampigia ndugu yake wa Goma, kamwambia akazunguke makanisani na nyumba za wageni, amtafute mwanamke mwenye mtoto wa miaka sita. Nimerudi dukani. Simu imelia nikiwa mlangoni, imelia vizuri, mpaka nilipoipokea. Mtu anauliza bei ya kuchapa risala.

Mimi, mtu wa simu.


Ijumaa, 14 Machi

Jibu limefika. Walilala kanisani. Wamepanda meli ya kurudi Bukavu jana asubuhi.

Jana asubuhi. Nilikuwa nimekaa gizani nangoja umeme.

Nimemwambia Hajati kila kitu. Nilitaka anifokee. Hakufoka. Kasema mganga hajigangi, kisha kaenda akachomoa waya wa modemu ukutani, akaukunja, akauweka kwenye droo. Nimeurudisha mimi. Modemu haina kosa. Ilifanya nilichoiambia.


Jumapili, 16 Machi

Duka limefungwa. Nimekwenda ibada, sikusikia neno la mhubiri. Nimefua mashati mawili. Nimelala mchana kutwa na bado nimechoka.


Jumatatu, 17 Machi

Kambale kaondoka na barua yangu. Nimeiandika mara tano. Mara nne nilisema laini ilikuwa mbovu. Ya tano nikasema ukweli, ndiyo niliyompa.

Wateja kumi na mmoja wa mtandao. Hajati kanunua kiti kingine.


Alhamisi, 20 Machi

Simu imelia saa mbili asubuhi, kabla sijawasha fotokopi. Ni Mapendo. Yuko Bukavu, kwa mama yake. Barua haijamfikia bado. Alisema amejaribu mara moja tu ya mwisho, basi.

Sauti yake imekuwa nzito. Nikamwambia ni mimi, niliacha swichi, mashine ndiyo ilikuwa inapokea. Akasema hana nguvu ya safari nyingine sasa, Baba Neema. Mvua ziishe kwanza. Nikasema sawa. Sikuwa na haki ya kusema lolote zaidi.

Akampa mtoto simu. Neema hakunisalimu. Kila siku kule Goma mama yake alikuwa akimwekea simu sikioni, akimwambia hapo ndipo baba yako anapofanya kazi, msikilize. Neema akanipigia ile kelele. Yote, kwa kijisauti chake, tangu mlio wa kwanza, ikipanda, ikishuka, mpaka ule mkwaruzo wa mwishoni, hakukosea hata mahali pamoja. Akauliza kama nimemwelewa.

Nikasema nimemwelewa.

Hajati alipofika alinikuta bado nimeshika mkono wa simu. Kaniambia nikae, yeye atafungua dirisha la duka.