Simu Iliibwa Alkhamisi

Baba Basma,

Wali umo sufuriani, nimeufunika. Basma akitoka chuoni, ale kwanza. ~~Nimekwenda sokoni.~~ Hapana. Nimekwenda ofisi ya simu na ile bili yao.

Jana ulimgombeza yule binti wa dirishani mpaka akatokwa na machozi. Ukamwapia kwamba mkeo hasemi uongo: simu iliibwa sokoni Jumatatu, tukaripoti siku ile ile, basi hizo simu za Maskati za siku nne kabla ya hapo ni makosa ya ofisi, hazituhusu. Mie nimesimama pembeni, natazama viatu vyangu.

Simu iliibwa Alkhamisi, Malindi, kwenye harusi ya binti wa kaka yako Darwesh. Ndiyo, ulinikataza kwa ugomvi wenu, na nilikwenda. Niliogopa ukinipigia utaisikia taarabu, ndiyo nikaiviringisha simu ndani ya buibui langu, nikaliweka kitandani pamoja na mabuibui ya wenzangu. Kurudi, buibui lipo, simu haipo. Ningekwambia siku ile, laini ingefungwa kabla mwizi hajapiga Maskati. Nikangoja mpaka Jumatatu, nikakwambia imeibwa sokoni.

Nnakwenda kumpa yule binti tarehe ya kweli, na kumtaka radhi. Bangili zangu nimezichukua, zitasaidia kulipa.

Hasira zako zingoje nirudi. Ila biharusi alinishika mkono akaniuliza, "Baba mdogo mbona hakuja?" Nikamwambia unaumwa. Akakupakulia biriani kwa mkono wake.

Ndiyo ile uliyoila ukaisifu, ukidhani nimepika mie.

Mama Basma