Kitambaa cha Modemu

Jumatatu, 1 Aprili 2019

Fundi amekuja! Kwa tarehe ya leo nilidhani nafanyiwa mzaha wa siku ya wajinga. Anaitwa Erinayo. Amevuta waya kutoka kwenye nguzo hadi dirishani, ametoboa ukuta, ameweka modemu kando ya TV. Laini itafunguliwa kutoka ofisini kwao. Mimi nisiizime tu, nisubiri taa ya tatu iache kupepesa. Ikitulia, intaneti imeingia.

Mama hakuuliza inafanyaje kazi. Aliuliza uso wa mdogo wangu Heritier utakuwa mkubwa kiasi gani. Nikamwambia: TV nzima! Akacheka, akapapasa kioo.

Kwenye simu yangu Heritier ni ukungu tu kwa mama. Jicho lake la kulia limeshakufa kwa presha ya macho. Daktari anasema la kushoto linafuata, na kilichopotea hakirudi. Tangu Heritier apelekwe Canada, sisi tukabaki hapa Kampala, mama hajamwona vizuri. Ningeuleta waya huu mwaka jana! Lakini kila siku nilisema kesho, soko la Owino kwanza, mashuka yauzwe kwanza. Majuto ni mjukuu.

Jumatano, 3 Aprili

Inapepesa. Nilipiga simu ofisini, wakasema nivumilie. Mama ananitania, eti naichungulia modemu kama maziwa yaliyo motoni.

Yeye anasuka kroshia kwa vidole tu, haangalii tena. Amenisumbua: modemu ina upana gani, taa ziko upande gani? Ameipapasa pande zote. Mama, usiiguse! Lakini najua anachosuka. Nyumbani kwetu redio ina kitambaa, viti vina vitambaa, jagi la maji lina kitambaa. "Kitu ya mupya haiwezi kuikala butupu mu nyumba," ndivyo asemavyo tangu tulipokuwa Butembo, Kongo.

Ijumaa, 5 Aprili

IMETULIA! Kijani, haipepesi. Nimejaribu video kwenye TV, haikatiki hata kidogo. Heritier atapiga Jumapili jioni, kwake itakuwa asubuhi. Mama ameagiza kitenge chake cha kuvaa harusini kipigwe pasi. Nikamwambia mbona mapema? Akasema macho yake hayasubiri Jumapili mbili.

Jumamosi, 6 Aprili

Mvua kubwa tangu mchana. Mtaro wa Nakivubo umefurika, nimefika nyumbani Bugolobi nimelowa hadi mifupa. Naingia — taa ya tatu nyekundu! Na juu ya modemu, kitambaa cheupe kipya. Nikagusa: moto.

Nililipuka. Jirani yetu Ayaa alikuwa amekaa hapo na mama, wala sikumwonea haya. Nilimwambia mama kwamba siku hizi kila anachokigusa anakiharibu. Kwamba asipomwona mwanawe, asimlaumu mtu, alaumu nyuzi zake. Nikakivuta kitambaa, nikakitupa nyuma ya kochi.

Ayaa aliaga mara moja. Mama hakula usiku. Ulimi hauna mfupa, na wangu leo ulikosa hata adabu.

Jumapili, 7 Aprili

Erinayo amekuja baada ya ibada, bado na tai shingoni. Alianzia nje. Akarudi ameinamisha kichwa: "Nyabo, madamu, modemu haina shida. Maji iliingia kwa waya pale inje. Ni mimi sikukaza vizuri. Unisamee."

Akakausha, akakaza. Kijani.

Na kitambaa? nikamuuliza. Akacheka, kwao Masaka hata mtungi wa gesi umevikwa. Alisema modemu zote hupata moto kidogo, mtu asizibe tu pale inapopumulia. Nikakitoa nyuma ya kochi. Pembeni kote mama ameacha wazi pa kupitisha hewa. Mbele ameacha vitundu, mstari mmoja. Nikakivisha: kila taa imekaa kwenye tundu lake.

Nilikwenda kumwomba msamaha, nikapiga magoti. Akanishika kichwa. "Iliisha, Julienne."

Haikuisha. Sasa hivi Heritier yuko kwenye TV. Amenenepa! Amekata nywele, ana kovu lake lilelile juu ya nyusi. Ananiita yaya, dada mkubwa, kama zamani: "Yaya, mama iko wapi?"

Mama yuko jikoni, hata kitenge hajavaa, kiko mgongoni mwa kiti na mikunjo ya pasi. Anasema sauti inamtosha. Anaogopa asije akagusa kitu kikazima, mtoto akapotea kwa sababu yake. Nimemwambia ni maji, mama, ni maji tu yaliingia! Nimemwita fundi kwa simu amwambie mwenyewe. Amemsikiliza kwa heshima, amemshukuru. Nikamvuta mkono — ameshika fremu ya mlango.

Nimekaa naye hapa jikoni, naandika kwa sababu maneno ya kumwambia yameniishia. Picha haikatiki. Heritier anaita, "Mama? Mama?" Naye anaitikia kwa furaha, kwa sauti kubwa, akiwa ameelekea ukutani.