Wareno wa Festo

Rissne, Stockholm

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Pokea na shikamoo ya mjukuu wako Neema. Nilimwambia aiandike mwenyewe, akanijibu kwa Kiswidi kwamba ana mtihani. Ndio watoto wa huku. Goti lako je? Ile dawa ya kuchua unaipaka, au umemgawia jirani kama ile ya kwanza? Sisi hatujambo. Baridi imeng'ang'ania, nami naendelea na wagonjwa wangu kule hospitali ya Flemingsberg. Mgongo unauma, lakini nipo.

Mama, soma barua hii peke yako kwanza, ndipo umpe Baba Mdogo. Nimempa dada Yunisi anayekuja huko, maana majibu ya posa yakipita kwenye simu za watu hugeuka njiani, na washenga wa Festo wanarudi Jumapili. Mlinipa kazi ya kumchunguza huyu mtu anayetaka kumuoa mdogo wangu Naomi, kwa kuwa mimi na Festo tunaishi mji mmoja. Nimemchunguza, na nyongo imenipanda.

Kwanza, mmeambiwa ni mwandishi wa habari wa Ulaya. Festo anasafisha mabasi, Mama, anaishi Bredäng. Si aibu hata kidogo, mimi mwenyewe nawaogesha watu wazima na ninakula kwa kazi hiyo. Ila yeye mabasi hayataji. Ukimuuliza anafanya nini, anarekebisha skafu yake nyekundu na kijani, anakohoa, anasema, "Mimi ni mchambuzi." Mchambuzi wa nini? Wa Wareno! Anaandika wasifu wa wanamichezo na waigizaji maarufu wa Ureno, anajirekodi akiusoma kwa sauti ya kubana pua, kisha anausambaza mpaka huko kwenu, nanyi mnaupokea kama mahubiri. Ureno yenyewe hajaikanyaga. Anayoijua ni ile iliyochorwa kwenye kopo la samaki.

Na wewe, Mama, ukanaswa. Uliniambia mke wa mchungaji aliwasikilizisha kina mama wa kwaya habari za mkimbiaji mmoja na mama yake, ukalia, ukaniagiza nimuulize Festo kama huyo mama wa Kireno bado yu hai ili umwombee. Sijasahau. Nitakujibu mwishoni.

Basi nikaanza kumsikiliza kwenye treni nikienda kazini. Loo! Wareno wa Festo wote ni mtu mmoja. Wote wamezaliwa kwenye nyumba inayovuja. Mama zao wote wanafua nguo za watu. Kila mmoja ana mwalimu aliyekiona kipaji chake siku ya mvua. Golikipa alianza kwa kudaka mpira wa matambara. Muogeleaji alijifunzia kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe. Na yule mwigizaji wa tamthilia, mwenye nywele za kupaka mafuta, eti alianza kuigiza sauti za majirani huku akimtwangia mama yake kisamvu. Kisamvu, Ureno! Neema akamtafuta kwenye simu yake, akakuta amekulia mjini, baba yake daktari wa meno. Tulicheka mpaka machozi. Nilidhani nina kazi ya kuwaandikia kwamba mkwe mtarajiwa ni mpuuzi tu, na mpuuzi mtu anaweza kuishi naye.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, tulikuwa tunakula pamoja kwenye ukumbi hapa Rissne, sisi Watanzania, Wakenya na Wakongo. Festo akasimama bila kuombwa, akatoa simu, akaanza kusoma wasifu wa yule mkimbiaji. Mimi nilikuwa sijausikia bado. Eti alfajiri ya mashindano mama yake alimnywesha uji wa ulezi. Kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba. Mama akachana kanga yake ya harusi, akamfunga kifundo, akamwambia, "Kimbia, mwanangu. Maumivu utayakuta nyumbani."

Jirani yangu Mama Furaha, wa Bukavu, akamkata hapo hapo. "Eh, weye Festo! Banakulaka ulezi kule Portugal? Dada yangu anaishi Lisbonne, mi nilienda kumuona. Ni mukate na samaki, mon frère!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Festo naye akacheka, akasema hiyo ni sanaa, Mama Furaha hawezi kuelewa. Mimi niliweka kijiko chini.

Mama, mimi nilikuwepo. Kanga ile ilikuwa ya bluu, na kipande kilichobaki ulinifunga mimi kichwani ili nisilie kwa wivu. Yule si Mreno. Yule ni Elia wetu. Naomi ndiye aliyemsimulia, siku Festo alipomuuliza kwenye simu ya video, kwa sauti ya upole, kwa nini picha ya kaka yake imetundikwa peke yake ukutani kwake. Alimwamini. Naye akaenda akamvua Elia jina, akamvisha jezi ya Wareno.

Nilimfuata nje nikamshika koti. "Festo, yule ni kaka yangu."

Hata haya hakuona. "Shemeji, hizo ni mbinu za kazi," akasema. "Watu wanapenda mama mwenye taabu. Kwani nani ameumia?"

"Elia amekufa."

"Najua. Kwangu hakugongwa na lori. Nimempa medali. Mngenishukuru."

Mama, mngenishukuru! Nilimwambia neno ambalo siwezi kuliandika kwenye barua itakayoshikwa na Baba Mdogo. Kisha nikamwacha pale na skafu yake. Nimeona watu wabaya katika maisha yangu, lakini mtu anayeokota msiba wa wenzake akaupiga pasi na kuuvaa, huyo sikuwahi kukutana naye.

Nikampigia Naomi. Alilia. Halafu akaniuliza, sasa yale ambayo Festo alimwambia kuhusu utoto wake yeye, kuuza karanga stendi, kwenda shule peku, mama kufua nguo za watu, nayo je? Ikabidi nimwambie. Dada Yunisi amekua naye mtaa mmoja Moshi. Baba yake alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, na Festo alikuwa akipelekwa shule kwa gari. Naomi akasema, "Kumbe na mimi nilichumbiwa na Mreno." Tukacheka wote wawili, kicheko kibaya, naye akalia tena.

Jibu lake ni hapana. Amelisema mwenyewe, bila kusukumwa, na ameniomba niliandike ili Baba Mdogo alisome mbele ya washenga. Wapeni chai yao, hawana kosa. Festo msimtumie salamu yoyote, hata ya ubaya, maana ataifanya wasifu wa mtu. Na mpokeeni Naomi akija likizo bila kumuuliza maswali. Ana aibu, na aibu hiyo si yake.

Nisalimie Baba Mdogo, mwambie asipandishe presha, mambo yamekwisha. Nisalimie shangazi Raheli anayekupikia goti likikuzidi, na mke wa mchungaji, ambaye namwomba aifute ile sauti kwenye simu yake. Binamu Yona mwambie viatu alivyoniagiza viko kwa dada Yunisi.

Sasa lile swali lako. Uliniambia ulishangaa kwamba hata Ulaya kina mama huchana kanga, nami wakati ule sikulitilia maanani; ukaniuliza kama mama yule bado yu hai. Yu hai, Mama. Goti linamsumbua, dawa anagawa kwa majirani, na mwanawe hakupata medali yoyote, lakini siku ile alikimbia mpaka mwisho na kanga yake mguuni. Ulisema utamwombea. Usiache. Hata mimi namwombea kila siku.

Binti yako akupendaye,
Elisifa