Robo Iko Kabla ya Nusu

Mjukuu wangu Neema, hujambo huko Uvira? Huku Sydney dada yangu, bibi yako, amepona mguu, Mungu asifiwe.

Umeniuliza robo inakaa wapi kwenye mstari wa namba. Mimi, kwenye darasa la hesabu la kanisa, mtaani Lidcombe, ninakosoma na watoto, niliiweka baada ya nusu, maana nne ya robo inapita mbili ya nusu.

"No, anko!" watoto wakacheka. Nikachukua koti niondoke, nisirudi tena.

Mama Aline, mwalimu wetu, akavua kitenge cha mabegani, akakitandaza juu ya mstari, toka sifuri mpaka moja. "Kunja katikati, baba. Kunja tena. Sasa kunjua."

Toka sifuri, mkunjo wa kwanza ulikuwa robo, nusu ikafuata. Nikakaa.

Namshukuru sana. Angecheka na yeye, leo ungemwuliza mtu mwingine.

Babu yako, Amani