Mama Hataki Jina Lako Liitwe

Rono,

Mama alisema jana jioni, mbele yangu na Shangazi Rael, kwamba jina lako halitaitwa Jumamosi. Kibet, mdogo wetu, amepata mtoto wa kiume. Ana afya, na masikio ni yako kabisa.

Shughuli ya Jumamosi unaijua. Wanawake wa ukoo watakaa na mtoto, watataja waliotangulia mmoja baada ya mwingine, na yule ambaye mtoto atampigia chafya ndiye atakayempa jina. Wewe ndiwe uliyetuacha karibuni zaidi. Mama alipokuwa akipanga majina alianza na Babu, akaenda kwa Baba Mdogo, akakuruka.

"La huyo tuliache," alisema.

Shangazi akaongeza, "Ama mnataka mtoto apige chafya halafu aulize chemist ya vidonge iko wapi?" Nilicheka, Rono. Hata wewe ungecheka.

Kisha nikauliza maswali, kama ninavyomuuliza mtu yeyote katika kazi yangu ya habari. Babu alikunywa busaa maisha yake yote, akampiga Nyanya mbele ya watoto, na wajukuu kadhaa wana jina lake. Kwa nini yeye anaitwa? Shangazi akajibu, "Hiyo ilikuwa pombe tu. Wanaume wote walikunywa." Wewe ulimeza vidonge ulivyoandikiwa na daktari, mashine ya kuvuna ngano ilipokuvunja mkono, ukashindwa kuviacha. Tofauti yenu ni hiyo.

Siku za mkono, wodi ilijaa. Mama alileta mursik, maziwa yetu ya kugandishwa, kila asubuhi, kwaya ikaimba hadi muuguzi akaifukuza. Mkono ulipopona na vidonge vikabaki, hakuna aliyeleta maziwa. Kanisani walikuombea utolewe pepo, na mama mmoja akahamisha mkoba wake kutoka benchi lako. Ulinisimulia hayo langoni ukitabasamu: "Nifungeni plasta kichwani, labda mtaniletea mursik."

Mtungi wa gesi wa Mama uliuuza. Mkebe wa maziwa pia. Sitaandika kwamba hukufanya, wala kwamba Mama hakuumia. Alianza kufunga jikoni kwa kufuli, na ufunguo akaulaza chini ya mto wake. Ninachojutia ni kitu kingine. Ulikuja ukiwa timamu, umenyoa ndevu, ukatuomba tukupeleke hospitalini ukatibiwe. Mama akasema tungoje wageni wa harusi ya Kibet waondoke kwanza, watu wasione. Sote tukanyamaza. Wageni walipoondoka, nawe ulikuwa umeondoka. Ulipatikana kwenye chumba cha kupanga, pumzi imekatika.

Kwenye tanzia tukaandika kwamba uliugua kwa muda mrefu. Ulipokuwa hai uliitwa mwizi, ulipokufa ukawa mgonjwa. Neno hilo tulikuwa nalo wakati wote. Lingekufaa wakati ule ulipotuomba.

Shangazi alipokwenda, Mama alibaki akisuuza vikombe. Aliniambia bila kugeuka, "Mimi simchukii. Naogopa mtoto akiitikia, nitaanza kumchunga tena kutoka mwanzo." Nimewahoji watu wengi waliofiwa, na kwa kawaida swali la kufuata huja lenyewe. Safari hii nilichukua kitambaa nikapangusa vikombe.

Sikubaliani naye, ingawa sasa namwelewa. Anadhani kukuruka ni kumkinga mtoto. Mimi naona mtoto atakua katika nyumba ambayo mtu akiugua namna yako, hufichwa, na akifa hatajwi tena. Siku akihitaji kutuomba kitu, atajua tayari jibu letu.

Leo asubuhi nimempigia Mama simu, asije akashtuka mbele ya watu. Nimemwambia mimi ni shangazi wa mtoto, nina haki ya kutaja jina, na nitataja lako. Kisha akasema, "Ukija, kuja na sukari. Hapa imeisha." Siandiki kwamba amekubali. Naandika alichosema.

Lala salama, ndugu yangu. Jumamosi saa tatu asubuhi, nyumbani Plateau, nitakuita kwa sauti ambayo kila mtu chumbani ataisikia. Mtoto akinyamaza, nitakuita mara ya pili.

Dada yako,
Jemutai