Kuhusu Lile Jua Unalotaka Kutuwekea Paani

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zetu, na kabla ya yote niambie mgongo unaendeleaje. Wifi alisema kwenye simu kwamba umepona, lakini alisema haraka mno, nami mtu akisema haraka namtilia shaka. Sisi huku wazima. Mama anakula vizuri, magoti yanamsumbua asubuhi tu. Mimi nina mafua yanayoondoka na kurudi kama mgeni aliyesahau mwavuli.

Ulitaka nikujibu kabla ya mwezi kwisha: je, utuwekee sola juu ya paa, inafaa au haifai? Nimelihangaikia swali lako kuliko unavyodhani. Jibu liko mbele, maana nikilitoa hapa hutasoma yaliyobaki. Nakujua.

Yule muuzaji uliyempata mtandaoni alikuja. Mimi namwita Bwana Tabasamu, kwa sababu anacheka hata ukimpa pole. Alikaa kibarazani, akaniomba nisogeze kiti chake kwa kuwa jua lilikuwa limemfikia mguuni. Nikajisemea, huyu anauza jua na mwenyewe hataki limguse. Paani hakupanda. Alilitazama paa akiwa chini, akasema ni zuri sana. Mabati yale! Lile la jikoni tumeligandamiza kwa tairi lisipeperuke. Tangu baba aezeke nyumba hii, sijasikia mtu akilisifu.

Nikamuuliza, "Na pasi je?" Gauni lisilopigwa pasi hutoka kama limetafunwa, na wateja wangu wana midomo. Akasifu kitambaa kilichokuwa mezani. Nikauliza tena, akasema, "Dada, hilo la pasi tutaliona mbele ya safari." Mbele ya safari! Halafu waranti ni ya miaka ishirini, na kampuni yenyewe haijatimiza miwili. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, lakini mimi si nyoka, nilikaa palepale.

Aliyenishangaza zaidi ni mama. Mgeni alipoondoka tu, akasema hataki sola. Kwa nini? Paa litavuja. Kesho yake sababu ikawa radi. Keshokutwa ikawa wezi. Mtu mwenye sababu tatu ujue ana ya nne anayoificha. Machale yakanicheza.

Tena kila alasiri huchukua simu yake akaenda kuichaji kwa Mama Pacha, jirani yetu wa nyumba ya pili, ambaye ana sola tangu mwaka juzi. Huenda hata siku ambazo umeme wetu upo. Nikaanza kumshuku Mama Pacha. Labda sola imemtia hasara, amemnong'oneza mama, na wote wawili wanaona aibu kusema.

Jumanne nikafunika cherehani, nikamfuata mama kwa kisingizio cha kumpima Mama Pacha gauni. Nilikagua kila kitu kama afisa wa forodha. Taa zinawaka, feni inazunguka, redio inaimba. Mawingu yakitanda siku nzima betri huchoka mapema, na pasi haiwezi kabisa. Mama Pacha aliniambia mwenyewe bila kuficha. Nakubali kwa shingo upande kwamba hatuuziwi mbuzi kwenye gunia. Umeme unavyokatika huku, hata mimi ningefurahia taa ya kushonea.

Simu ya mama ilikuwa imechomekwa ukutani, nikaiangalia. Chaji ilikuwa imejaa, na haikujazwa pale. Niliichaji mimi asubuhi, nyumbani.

Mama mwenyewe nilikuwa nimemkuta mkekani akichambua mboga na Mama Pacha, anamwigiza baba alivyotembea siku alipokuja kuposa. Walicheka mpaka wakafuta machozi. Mdogo wangu, sijamsikia mama akicheka hivyo tangu tumzike baba, na iliniuma. Nyumbani akianza hadithi namwambia angoje nimalize mshono, na mishono haiishi.

Tukirudi nikambana. Tulipokaribia mlangoni ndipo akasema, "Mkiniwekea hiyo sola, kwa Mama Pacha nitakwenda kufanya nini? Mtu mzima haendi kwa watu kukaa tu."

Unamjua. Maisha yake yote hajapiga hodi kwa mtu bila shida mkononi. Hata sisi alituchapa kwa kuzurura majumbani mwa watu. Sasa shida zimemwishia, amebaki na simu.

Nikamwambia Mama Pacha atafurahi kumwona hata akienda mikono mitupu.

"Na asipofurahi?" akauliza.

Nilifungua mlango, tukaingia.

Kwa hiyo, mdogo wangu, jibu langu ni hapana. Sola inafaa, lakini kwetu haifai kwa sasa. Ukiona lazima utume kitu, tuma mabati ya jikoni. Bwana Tabasamu, na wajomba zetu wakiuliza, waambie dada yako mshamba, anaogopa radi, hapendi maendeleo. Mama asijue kwamba unajua, na usije ukamtania hata kwa mzaha. Afadhali ukoo mzima unione mimi mkorofi kuliko mama aonekane mpweke.

Msalimie sana wifi, na umwambie safari hii aseme polepole habari za mgongo wako. Kibonge mbusu mashavu yote mawili kwa niaba ya shangazi yake. Mama anawaombea usiku na mchana, nami naitikia amina. Mungu awafunike huko mliko.

Ni mimi dada yako akupendaye, mkorofi kwa hiari yangu.